Klipu Yetu Haikuwa na Maji

Mama yangu anapita katika klipu ile mara moja tu. Amesimama kwenye bomba la mtaa wetu wa zamani pamoja na wanawake wengine, kitenge kimefungwa juu ya blauzi, na anamrushia maji mchezaji mmoja aliyevaa suruali nyeupe. Kisha anacheka na kuziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu amegundua kwamba kamera inamwangalia. Picha inahamia kwa mwimbaji, na mama hatumwoni tena.

Ilipigwa kabla sijazaliwa. Orkestra ilikuwa ya hapahapa Kolwezi, wanaume waliofanya kazi mgodini wiki nzima na kushika magita Jumapili. Wimbo unamhusu msichana wa bombani ambaye ndoo yake hujaa kila mara kabla mwanaume hajamaliza maneno yake matamu. Haukuvuma Kinshasa. Sijui hata kama ulivuma Lubumbashi. Lakini kwetu hakuna harusi iliyoisha bila wimbo huo, na mtoto wa mpiga gita mmoja alipokuja kuupandisha kwenye mtandao, picha zimefifia na rangi zimemwagika nje ya nguo, mama aliuangalia kwenye simu yangu akasema tu, "Aka! Nilikuwa mwembamba hivi?"

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya mawasiliano wakati asistanti wetu, yule mwalimu kijana aliyetufundisha kamera, alipotoa kazi kwa makundi. Kila kundi lichague klipu ya muziki na kuirudia, picha kwa picha: mwanga uleule, pembe ileile, mikao ileile. Alilirudia neno moja mpaka tukalichoka. Uaminifu. Atakayekuwa mwaminifu zaidi kwa klipu ya asili ndiye atakayeshinda.

Makundi mengine yalikimbilia klipu za Kinshasa. Wakaanza kutafuta magari ya kuazima, miwani ya jua, na hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mimi nilileta ile ya mama.

Tulikuwa watano. Rafiki yangu alishika kamera, yaani simu yake, ambayo ilikuwa nzuri kuliko za wote. Yeye ni wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema. Baba yake husafirisha bidhaa kati ya Dilolo na hapa, na binti amerithi kutoka kwake ulimi usioogopa vizuizi vya barabarani. Binamu wawili, vijana wa ukoo mmoja, walikuwa wachezaji. Na alikuwepo kijana mmoja mrefu mwenye sauti nzuri ya kwaya, tukampa nafasi ya mwimbaji. Tuliiangalia klipu, tukaisimamisha, tukairudisha nyuma, tukachora kila picha. Ukuta wa shule ya msingi. Barabara ya vumbi yenye nyumba za matofali pande zote mbili. Kibaraza cha baa. Bomba.

"Sasa hii mahali yote iko wapi?" mwimbaji wetu aliuliza.

Hapo ndipo nilipomwelewesha kitu ambacho mimi nimekua nacho kama mtu anavyokua na kovu. Mahali pale hapapo. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, kampuni ya mgodi ilisema kwamba chini ya vyumba vyetu kuna madini. Ikatuhamisha mtaa mzima, ikatupeleka nje ya mji kwenye safu za nyumba zenye bati jipya na bomba jipya. Siku ya uzinduzi bomba hilo lilitoa maji mbele ya wakubwa wote, wakubwa wakapiga makofi, wakaondoka. Maji nayo hayakukawia kuwafuata. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba ardhi hii, na mjukuu wake akaja kuambiwa kwamba amelala juu yake vibaya. Mpaka leo nikiyasimulia haya sauti yangu hupanda, na sioni sababu ya kuishusha.

Tulikubaliana kwenda mpaka pale uzio unapoanzia. Kama hatungepata ukuta wa shule, tungepata angalau anga ile ile. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Uzio ulikuwa mrefu, wa nyaya na nguzo za saruji, na nyuma yake mlima wa udongo wa kijivu uliokuwa mrefu kuliko kitu chochote nilichokijua utotoni. Binamu mmoja alikuwa tayari amevaa suruali nyeupe. Rafiki yangu alikuwa bado anapangusa kioo cha simu wakati mlinzi alipotokea upande wa ndani.

"Munatafuta nini hapa?"

"Tuko banafunzi, tata," nilijibu. "Tuko tunafanya kazi ya masomo."

"Kazi ya masomo inafanyikaka ku masomo."

"Hapa njo kulikuwa kwetu, tata. Robine ya mayi ilikuwa pale, nyuma ya ile kilima."

Alisogea karibu na uzio. Alikuwa na umri wa kaka yangu mkubwa. "Mi najua kwenye ilikuwa," alisema. "Mi pia nilisomea pale, ku masomo yenu. Madame alikuwa ananipiga na rula ku mikono."

Moyo wangu ukafurahi kijinga. "Basi utuachie, tata. Tutacheza kidogo tu, hapa inje."

"Hapana." Akainua kidevu kuelekea juu ya nguzo, ambako jicho dogo jeusi la kamera lilikuwa limepachikwa. "Ile inaniona mi kwanza, kisha njo inaona mweye. Endeni kule ku barabara. Barabara iko ya kila mutu."

Sikumchukia. Mtu amepewa buti na kofia ili alinde shimo lililomeza shule yake, na bado alijitahidi kutuonyesha njia. Niliwachukia waliomweka pale.

Tukaenda barabarani. Malori ya madini yalipita moja baada ya jingine, madereva wakipiga honi kwa furaha kila walipowaona binamu wakizungusha viuno. Mwimbaji wetu aliimba huku anakohoa. Ile suruali nyeupe ikawa nyekundu mpaka magotini. Tulicheka sana asubuhi ile, nakiri, na picha zilikuwa nzuri: kijana anaimba mapenzi, na nyuma yake uzio hauna mwisho. Rafiki yangu alikuwa anapiga kutoka chini, amelala tumbo kwenye majani, kitambaa chake cha kichwa kimejaa vumbi, wakati gari la doria liliposimama kando yetu.

Waliokuwa ndani yake walisema barabara ile si ya kila mtu. Walisema ni ya kampuni tangu kona ya mwisho, kona ambayo haina kibao wala alama. Wakatupandisha nyuma ya gari kama magunia ya makaa, wakatupeleka ofisini na kuandika majina yetu.

Mkuu wa ulinzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Upole wake ndio ulionikera kuliko ukali wa wengine wote.

"Batoto, mulipiga picha ya site," alisema.

"Hatukupiga site, tata," rafiki yangu alijibu. "Tulipiga uzio. Na uzio iko kila fasi. Tungeangalisha simu wapi? Mbinguni?"

"Mulikuwa munafanya nini?"

Ili aelewe, rafiki yangu akamfungulia klipu ya asili. Yule mzee akaisogeza simu karibu na macho. Gita la kwanza likalia, na uso wake ukafunguka.

"Ah! Huu wimbo!" Akagonga meza kwa vidole. "Batoto, huu wimbo balipiga ku ndoa yangu! Bibi yangu aliucheza mpaka kiatu ikavunjika."

Aliiangalia yote. Alimwona mama yangu akirusha maji, wala sikumwambia kwamba ni mama yangu. Nilihisi kwamba nikimwambia nitamkabidhi na yeye. Klipu ilipokwisha alicheka peke yake, akatikisa kichwa. Halafu akafungua picha zetu. Akaanza kuzifuta. Alizifuta moja moja kwa kidole kinene, akingoja kila moja itoweke ndipo agonge inayofuata, na muda wote huo alikuwa akiuimba ule wimbo puani. Alipomaliza akaingia na pale simu inapotunza vilivyofutwa, akasafisha na hapo.

Watu hunieleza kwamba hasira huja kama moto. Mimi ilinijia kama baridi. Nilikaa kwenye benchi lile nikitazama mdomo wake uliofungwa, na wimbo wetu ukitoka puani mwake.

"Musikasirike," alisema, akimrudishia rafiki yangu simu. "Sheria njo sheria."

"Sheria gani, tata?"

"Ya hapa."

Jumatatu tukamweleza asistanti. Nilidhani atakasirika pamoja nasi. Alikasirika kweli, lakini kwetu.

"Nani aliwatuma kule?" aliuliza. "Mimi nimewapa kazi ya picha, sikuwapa kazi ya siasa. Mnataka kunitafutia matatizo?"

"Lakini ulisema uaminifu," nilimkumbusha. "Mahali ni palepale."

"Uaminifu wa kamera! Pembe, mwanga, mikao! Pale uani kuna ukuta mzuri, chezeni mbele yake, muimalize."

Ukuta huo mzuri ulikuwa umepakwa rangi za kampuni, na alama yake kubwa katikati, tangu walipotuletea kompyuta. Ndiyo, nilizitumia kompyuta hizo. Kila mwanafunzi alizitumia. Lakini mtu akikupa kijiko baada ya kukuchukulia shamba, ni lazima kila siku ukae mezani unamshukuru kwa kijiko?

Mwimbaji wetu alisubiri tutoke nje, chini ya ngazi, ndipo aseme. "Mi natoka mu kundi."

"Ju ya nini?"

"Papa yangu eko anafanya kazi kule. Balimuita leo asubui. Balimuonyesha jina yangu, bakamuuliza kama iko mutoto yake."

Mmoja wa binamu akapiga jiwe teke.

"Mweye muko na bahati," aliendelea. "Bapapa yenu habako kule."

"Papa yangu alikuwa kule," nikasema. "Miaka yote. Kuya uone kwenye tunaishi."

Aliondoka na sauti yake ya kwaya. Baba mtu mzima, mwenye mvi, anaitwa ofisini kama mtoto wa shule kwa sababu mwanawe ameimba barabarani: nilitaka kumpigia mtu kelele kwa jambo hilo, na kila niliyemfikiria alikuwa na wa juu yake aliyemwogopa, na yule wa juu naye alikuwa na wake, mpaka mlolongo ukafika kwa watu ambao sikujua hata wanaishi nchi gani.

Mama alinisikiliza akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi haukusimama.

"Kule mulienda kutafuta nini?" aliniuliza nilipomaliza.

"Kartiye, mama. Mutaa yetu, kwenye klipu ilifanyikia."

"Kartiye haiko kule. Kule kuko shimo. Kartiye njo batu, na batu beko hapa." Akafuta mkono kwenye kitenge. "Ule musichana wa simu, umwambie akuye Jumapili, kisha ya misa. Mi nitaita bale bamama."

Na aliwaita. Sio wote waliopatikana. Wengine wamekufa, wengine walirudi Kasai, kule ambako wazee wao walitoka. Lakini walikuja wa kutosha. Mmoja alitoka Lubudi juu ya lori la unga wa mahindi, unga mweupe kwenye nyusi, amebeba beseni lake mwenyewe kana kwamba huku hakuna mabeseni. Walijipanga mbele ya bomba letu jipya, ambalo sasa ni la zamani, na kabla rafiki yangu hajasema neno walikuwa wanagombana juu ya nani alisimama wapi.

"Wee ulikuwa kwa mwisho kabisa!"

"Mi? Mi ndiye nilirusha mayi wa kwanza! Angalia mu simu!"

Rafiki yangu akawaonyesha simu, wakajipanga tena. Binamu akaja na suruali yake, iliyofuliwa ikawa nyeupe kiasi. Kila kitu kilikuwa tayari. Ndipo tukatazamana, sisi wanafunzi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria jambo lililo wazi kuliko yote. Maji.

"Tunaweza kununua bidoni moja ya mayi," rafiki yangu akapendekeza. "Tunaweka mu beseni, bamama banarusha, inaonekana muzuri."

Mama yangu akamgeukia. Kwa kawaida humwita "binti yangu". Siku ile hakumwita hivyo.

"Mayi ya kununua? Mayi yenye batoto bataoga nayo, nirushe chini? Kisha kila mutu mwenye kuona klipu aseme, ah, kule ku bale batu robine inatoka muzuri?" Akaonyesha bomba kwa kidole. "Fungua ile kitu. Piga picha yayo."

Mama wa Lubudi akaenda akakizungusha kile kishikio. Kilikataa, akakipiga kwa kiatu, kikazunguka. Bomba likatoa hewa. Likakohoa mara kadhaa kama mzee anayeamka, na likanyamaza. Rafiki yangu alikuwa amepiga magoti mbele yake na simu, na nilimwona anauma mdomo.

Halafu wimbo ukaanza, kutoka kwenye redio ndogo ya binamu, na wale akina mama wakafanya kila kitu. Waliinamisha mabeseni matupu chini ya bomba kavu. Waliyainua. Wakamrushia mchezaji kile kisichokuwemo, na yeye, Mungu ambariki, aliruka nyuma na kujipangusa uso kama mtu aliyelowa. Wanawake wakacheka. Mama alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja, na wala sikumwagiza. Halafu mmoja wao akaanza kulipiga beseni lake kama ngoma, na mwingine, na mwingine, na kicheko kikakauka. Waliyainua mabeseni juu ya vichwa, wakayageuza midomo chini ili kila mtu aone, na kuendelea kuimba kwa nguvu kwa sababu hatukuwa na mwimbaji tena. Rafiki yangu alipiga mpaka simu ikaishiwa moto, ikazima.

Siku ya kuonyesha kazi, asistanti alikaa mbele na walimu wengine wawili. Kundi lenye gari la kuazima lilipigiwa makofi kabla hata mlango wa gari haujafunguka. Yetu ilitazamwa kwa utulivu. Wanafunzi wa nyuma walisimama ili waone vizuri. Ilipoisha, mmoja wa walimu alirekebisha miwani akatoa hukumu.

"Katika klipu ya asili, maji yanatoka kwenye bomba. Katika yenu hayatoki. Wanawake wamezeeka. Mwimbaji hayupo. Uaminifu kwa asili ni dhaifu."

"Tata," rafiki yangu alisema, "maji kwetu hakuna."

"Hilo ni tatizo la maandalizi. Msanii hujiandaa."

Tulipata alama ya chini kuliko makundi yote. Sina haja ya kujifanya kwamba haikuniuma. Iliniuma. Nilikuwa mwanafunzi wa kufaulu.

Halafu kulikuwa na karatasi ya mwisho, maana kila kundi lilitakiwa kuandika mafunzo liliyoyapata. Wenye gari waliandika juu ya mwanga wa jua la mchana na umuhimu wa kuwahi. Sisi tuliandika kwamba tumejifunza kuwa klipu haiwezi kurudiwa mahali palipochimbwa. Kwamba mtu anaweza kuupenda wimbo wako na bado akakufuta. Kwamba ukiwauliza walio kwenye picha namna ya kuipiga, watakupa picha bora kuliko uliyoikusudia. Asistanti alipitisha mstari juu ya yote, akaandika pembeni: nje ya mada.

Klipu ilizunguka bila sisi kuisukuma. Rafiki yangu aliwatumia akina mama, akina mama wakawatumia watoto wao, ikaenda hivyo kutoka simu mpaka simu, hata mtu akaipandisha kwenye mtandao. Nilianza kusikia mabeseni yakipigwa kwenye vibanda vya kuchaji, na kwa wasukuma baiskeli njiani.

Kisha likaja gari la maji.

Lilikuja asubuhi, jipya, linang'aa, na nyuma yake gari dogo lenye watu wa mawasiliano wa kampuni, pamoja na kamera kubwa yenye miguu mitatu. Nilikuwa nyumbani, nikaona kwa macho yangu. Wanawake walitoka na kila chombo: masufuria, bidoni, ndoo za rangi, beseni la kuogeshea mtoto. Afisa mmoja kijana, mwenye kofia ya plastiki ambayo pale haikuwa na kazi yoyote, akapanda juu ya jiwe.

"Bamama, karibuni! Mayi ni yenu! Mbele ya kuanza kuteka, tuimbe kidogo ile wimbo yenu ya mabeseni, si ndiyo? Kwa furaha!"

Hakuna aliyeimba. Mama yangu alishika mpira wa maji, akajaza ndoo yake, akampa jirani. Jirani akajaza, akampa aliyemfuata. Ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia maji yanavyobadilisha sauti chombo kinapokaribia kujaa. Yule kijana alishuka kwenye jiwe, akawasogelea mmoja mmoja, akatabasamu, akabembeleza.

"Mama, kidogo tu. Cheka basi."

"Tata," mama yangu alimwambia, "uko unasimama ku mupira."

Alikuwa amekanyaga mpira wa maji kweli. Akaruka pembeni. Waliteka mpaka gari likabaki tupu, wakaingia ndani na kufunga milango. Gari halikurudi tena, si wiki iliyofuata, wala baadaye.

Ningeweza kuishia hapo na kusema tulishinda. Lakini kabla mwaka wa masomo haujaisha tuliitwa wote kwenye ukumbi mkubwa kumsikiliza mgeni. Mgeni alikuwa afisa yuleyule, safari hii bila kofia. Asistanti alimtambulisha kwa heshima nyingi, akasema tutaona filamu fupi ya kiwango cha juu kuhusu maisha mapya ya jamii zilizohamishwa, tuchunguze hasa ufundi wake.

Filamu ikaanza. Machweo. Mtoto anakimbia. Gari la maji linaingia polepole, linang'aa. Mpira unafunguliwa, maji yanaruka kwenye mwanga. Na mara tu baada ya maji hayo, akina mama wetu. Mabeseni juu ya vichwa, vinywa vimefunguka, wanaimba. Kwa kuwa hawakuwa wamepata wanawake wenye furaha, walichukua wa kwetu kutoka kwenye mtandao na kuwabandika pale. Sauti walikuwa wameitoa, wakaweka kinanda. Mtu asiyejua angeapa kwamba wanawake wale wanashangilia maji.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimesimama.

"Ile picha ya mabeseni ni ya kwetu," nilisema. "Sisi ndio tulioipiga."

Afisa hakushtuka. Alitabasamu vilevile kama siku ya jiwe. "Dada, picha ikishaingia kwenye mtandao inakuwa ya watu wote."

"Basi na uzio wenu pia ni wa watu wote? Maana sisi tulifutiwa picha zake."

Ukumbi ukaguna. Rafiki yangu naye akasimama, safu mbili nyuma yangu, na sauti yake ya binti wa msafirishaji ikafika mpaka mlangoni. "Mabeseni ni matupu! Yaangalieni vizuri, yamegeuzwa chini! Nani anashangilia maji kwa beseni lililogeuzwa?"

Mtu mmoja akapiga kelele warudishe nyuma. Wengine wakaitikia, rudisha, rudisha. Asistanti alikuwa amesimama kati yetu na skrini, mikono hewani.

"Kaeni chini! Tutaongea baadaye!"

Hatukukaa. Mwimbaji wetu wa zamani alikuwa kwenye kona ya mbali, nikamwona ameinamisha kichwa, na hakuinua macho mpaka mwisho. Sikumlaumu, wala sikumsaidia. Rafiki yangu alianza kuituma klipu yetu, ile yenye sauti, kwa kila aliyekaa karibu naye, na hao wakaituma mbele. Simu zikaanza kulia ukumbini, hapa na pale, kila moja ikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, mpaka mabeseni yakawa yanapigwa kila upande na mgeni akafungasha kompyuta yake.

Asistanti hakuongea nasi baadaye. Filamu ya kampuni ingali inaonyeshwa, nimeiona hata kwenye luninga ya hospitali, na mama yangu bado amo ndani, anashukuru kwa jambo ambalo hajalipata. Tuliandika barua ya kuomba waitoe. Hatujajibiwa. Nimeambiwa nizoee. Nimeambiwa hivyo na watu wazuri, wanaonipenda, ambao kwao bomba linatoka.

Jioni ya siku ile ya ukumbi nilimweleza mama yote. Nilikuwa nalia kwa hasira, maneno yananitoka vipande vipande. Alikuwa anapanga bidoni kwenye mkokoteni, kwa safari ya kesho yake kwenda kisimani kwa masista. Hakuniambia nyamaza. Alifunga kamba, akaivuta kuipima.

"Balitosha sauti yetu, baliifuta?" aliuliza.

"Balitosha, mama. Baliweka kinanda."

"Mutapiga ingine?"

"Tutapiga."

"Basi mukuye asubui sana," alisema. "Saa ya kati ya muchana tunakuwaka kule kwa bamasista, ku mayi."